Kitambaa Kimoja, Vipande 24: Jinsi Kambi ya Sanaa ya Likizo Inavyojenga Kujiamini kwa Watoto

Hotuba kwa wazazi, walezi na walimu katika kikao cha maandalizi ya kambi za sanaa za likizo ya Agosti

 

Karibu kila darasa lina mtoto anayejua jibu lakini hainui mkono. Mwalimu akiuliza swali, yeye hutazama dawati. Akipewa zamu ya kusoma kwa sauti, maneno humkwama kooni. Mwisho wa muhula ripoti yake huja imeandikwa "mtulivu, mwenye adabu", na watu wa nyumbani hufurahi. Pengine furaha hiyo ni ya haki, kwa kuwa wapo watoto walio watulivu kwa maumbile yao na hawana shida yoyote. Lakini utulivu mwingine si adabu. Ni woga, na woga huo una gharama. Mtoto anayeogopa kusema hatamwambia mwalimu kwamba hakuelewa hesabu ya jana. Hatamwambia mama kwamba maandishi ya ubaoni hayaoni vizuri. Na siku mtu mzima akimtendea jambo baya, mtoto huyo ndiye atakayekuwa wa mwisho kulisema.

Hiyo ndiyo sababu ya kikao hiki. Kambi ya sanaa si mahali pa kuwaweka watoto ili nyumba ipate kimya, wala si shule ya kutengeneza wachoraji. Ni siku 5 ambazo kila mtoto hukabidhiwa sehemu ya kazi ambayo wenzake wanaihitaji. Asipoifanya, itabaki pengo. Akiifanya, itaonekana. Jambo la kushikilia katika mazungumzo haya ni moja tu: mtoto hajiamini kwa sababu ameambiwa kwamba anaweza. Hujiamini baada ya kufanya jambo gumu ambalo wengine walilitegemea.

Kujiamini hutoka wapi

Mwaka wa 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alichapisha makala kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake mwenyewe. Alieleza kwamba imani hiyo hutoka katika chemchemi 4. Ya kwanza ni kufanya jambo na kulifanikisha kwa mikono yako. Ya pili ni kumwona mtu aliye kama wewe akilifanya. Ya tatu ni kutiwa moyo kwa maneno. Ya nne ni hali ya mwili na moyo, kwani mtu anayetetemeka na kutokwa na jasho huchukulia hilo kuwa dalili kwamba hawezi.

Kati ya hizo 4, iliyo na nguvu zaidi ni ile ya kwanza. Maneno matupu ndiyo dhaifu, maana mtoto akiambiwa "wewe unaweza" kisha akajaribu na kushindwa, maneno yale huanguka papo hapo. Mzazi yeyote aliyemfundisha mtoto kuendesha baiskeli analijua hili. Hotuba haikumfundisha mtoto kuendesha. Kilichomfundisha ni zile hatua 10 za kwanza ambazo baiskeli ilikwenda bila kushikwa.

Kambi ya sanaa ya pamoja, ikipangwa vyema, hugusa chemchemi zote 4. Mtoto hufanya kazi yake hadi mwisho. Huona mwenzake wa umri wake, mwenye woga kama wake, akifanya. Husikia maneno ya kweli kuhusu kazi yake. Na hufanya yote hayo bila mtihani, bila alama, na bila kuchekwa.

Kwa nini kazi iwe ya pamoja

Kuna mtu anayeweza kuuliza: kwa nini kila mtoto asipewe karatasi yake achore peke yake? Kuchora peke yake ni kuzuri, na kambini muda wa kufanya hivyo upo. Lakini watoto 24 wakiketi na karatasi 24, baada ya nusu saa watakuwa wameshajipanga wenyewe: huyu fundi, huyu wa kawaida, huyu hajui. Mwenye woga atafunika karatasi yake kwa mkono. Kambi itakuwa imempa sababu mpya ya kujificha.

Jibu la tatizo hili lilipatikana zamani, tena katika mazingira magumu. Mwaka wa 1971, katika mji wa Austin, jimbo la Texas, watoto weusi, weupe na wa asili ya Mexico walikuwa wamewekwa pamoja katika madarasa kwa mara ya kwanza, na vurugu zilikuwa nyingi. Elliot Aronson, mwalimu wa saikolojia, aliombwa msaada. Yeye na wenzake waligundua kwamba madarasa yenyewe yalikuwa yakichochea ushindani: watoto 6 au 7 wananyoosha mikono, mmoja anachaguliwa, wengine wanatamani akosee. Basi wakagawa somo katika vipande. Kila mtoto katika kikundi alipewa kipande kimoja akisome na kuwafundisha wenzake. Hapakuwa na njia nyingine ya kupata somo zima.

Mtoto mmoja ambaye Kiingereza kilimpa shida alianza kueleza kipande chake akisitasita, na wenzake wakamcheka. Msimamizi aliwakumbusha kwamba mtihani unakuja, na kwamba maelezo yaliyomo katika kipande kile hawawezi kuyapata popote ila kwake. Wakaacha kumcheka. Wakaanza kumuuliza maswali mazuri, yanayomsaidia kueleza. Naye, kwa kuulizwa vizuri, akatulia, akaeleza vizuri zaidi. Hakuna aliyemhubiria ajiamini. Kilichobadilika ni jinsi kazi ilivyopangwa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo hutumika sana kuhimiza umoja, lakini ina upande wa pili ambao watoto wanauhitaji: kama kidole kimoja hakitoshi, basi kila kidole kina kazi, hata kile kidogo.

Kitambaa chenye vipande 24

Hivi ndivyo kazi yenyewe inavyokwenda. Hununuliwa kitambaa cheupe cha pamba, kile kinachoitwa marekani, cha urefu wa mita 3 na upana wa mita 2. Kitambaa hicho hukatwa vipande vya mraba vyenye sentimita 50 kila upande. Hupatikana vipande 24, yaani safu 4 zenye vipande 6 kila moja. Kila mtoto ana kipande chake. Vikishapakwa rangi, hushonwa pamoja tena na kuwa picha moja kubwa.

Siku ya kwanza watoto hawachori kitambaa kabisa. Hutembea na viongozi wao hadi sokoni, mtoni au kwenye kituo cha matatu, wakiwa na daftari na penseli, wakitazama. Wakirudi, huamua pamoja picha itakuwa ya nini.

Siku ya pili hupanga picha nzima kwenye karatasi kubwa za manila zilizopigwa mistari ya miraba 24. Hapo ndipo huonekana kwamba barabara inapita katika vipande 6, kwamba mto unakata kona, na kwamba nyaya za umeme zinavuka anga ya watu wengi.

Siku ya tatu kila mmoja huanza kipande chake. Na hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Barabara inayotoka katika kipande cha mtoto mmoja lazima iingie katika kipande cha jirani yake mahali palepale, kwa upana uleule na kwa rangi ileile. Kipande cha pembeni kabisa kina majirani 2, cha ukingoni kina 3, na cha katikati kina 4. Watoto wasipozungumza, picha itavunjika.

Chukulia msichana wa Gredi ya 4 ambaye hasemi darasani. Kiongozi mwenye busara humpa kipande cha pembeni, chenye majirani 2 tu. Hamwambii "leo uongee". Humwambia tu kwamba barabara yake inapita kwa jirani. Msichana hupaka rangi kimya kimya asubuhi nzima. Kisha hufika ukingoni na kugundua kwamba jirani yake, mvulana mwenye maneno mengi, amechora barabara juu zaidi kwa upana wa vidole 3. Sasa ana mambo mawili ya kuchagua: anyamaze barabara ikatike, au aseme. Huenda akanyamaza kwa saa nzima. Hatimaye husogea, huonyesha kwa kidole, husema kwa sauti ndogo, "Yako iko juu." Mvulana hutazama, hupima kwa penseli, na kusema ni kweli. Wanakubaliana nani asogeze.

Maneno matatu tu. Lakini yalikuwa na kazi ya kufanya, na yakaifanya. Msichana huyo amejifunza kwamba sauti yake inaweza kusogeza barabara. Hilo halifundishwi kwa kuambiwa asimame mbele ya watu ajitambulishe, huku magoti yakigongana.

Siku ya nne ni ya kuunganisha. Vipande hutandazwa chini, makosa huonekana, na watoto huamua yapi yarekebishwe na yapi yaachwe. Kama mtoto mmoja hakuja tangu siku ya pili, pengo lake huonekana katikati ya picha. Mara nyingi wenzake ndio hutaka aulizwe yuko wapi. Mtoto anayesikia kwamba watu wazima wawili na wenzake watano wamefika nyumbani kuuliza kama anaumwa, kwa sababu soko halina mlango bila yeye, amesikia jambo ambalo pengine hajawahi kulisikia.

Siku ya tano kitambaa hutundikwa ukutani na wazazi hualikwa.

Mikono ya mtu mzima nyuma

Vijana mliojitolea, kazi yenu ngumu zaidi si kufundisha kuchora. Ni kujizuia.

Rangi itamwagika. Mtoto atachora ng'ombe mwenye miguu 5. Mwingine ataharibu kipande cha mwenzake kwa maji machafu ya brashi, na wote wawili watalia. Mtu mzima hujisikia kuchukua brashi na kutengeneza haraka ili picha ipendeze mbele ya wageni. Akifanya hivyo, picha itapendeza kweli, lakini mtoto atakuwa ameambiwa waziwazi kwamba kazi yake haikutosha. Swali linalofaa ni fupi: "Sasa mnafikiri mfanyeje?" Kisha kiongozi hunyamaza na kusubiri. Doa la maji machafu limewahi kugeuzwa wingu, moshi, hata mbuzi, na aliyeligeuza ni mtoto.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Rangi ya ukutani inayochanganywa na maji inatosha, na rangi chache huzaa nyingine nyingi zikichanganywa. Rangi ya mafuta isitumiwe na watoto, kwa kuwa ina harufu kali na baadhi yake huweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto. Uji mzito wa unga wa ngano hutengeneza gundi nzuri ya kubandika magazeti na maboksi. Mkaa huchora. Udongo wa mfinyanzi hupatikana karibu na mito mingi.

Mtoto mwenye ulemavu hakai pembeni akitazama. Asiyeona hufanya kipande cha kugusa, kwa kamba, mchanga, vitambaa na vifuniko vya chupa vilivyoshonwa au kubandikwa, na wenzake wanaopakana naye hupanga barabara yao iingie kwake kwa kamba. Asiyesikia hahitaji msaada kuona kwamba mistari haikutani. Wanaohitaji kujifunza ishara chache ni wenzake, nao hujifunza upesi.

Usalama hautegemei imani peke yake. Mtoto asiachwe peke yake na mtu mzima mmoja mahali pasipoonekana. Kila anayeongoza awe anajulikana na amesajiliwa. Watoto waambiwe siku ya kwanza nani wa kumweleza wakiwa na tatizo, na waambiwe pia kuhusu nambari ya simu ya bure ya 116, ambayo ni ya kusaidia watoto kote nchini.

Sifa na zawadi

Wazazi wengi wangependa siku ya mwisho pawe na zawadi kwa mchoraji bora. Nia ni njema, lakini kuna sababu ya kufikiri tena.

Mwaka wa 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichunguza watoto wa chekechea waliopenda sana kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. Kundi jingine halikuahidiwa chochote lakini lilipewa cheti baadaye bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye karatasi na kalamu ziliwekwa mezani bila kusemwa lolote. Wale walioahidiwa cheti walitumia karibu nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora. Mchezo wao ulikuwa umegeuzwa kibarua, na malipo yalipokoma, kazi nayo ikapungua.

Sifa pia zina namna yake. Mwaka wa 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha uchunguzi wa watoto wa darasa la tano waliopewa mafumbo ya kutatua. Waliosifiwa kwa kuwa na akili, walipokutana na mafumbo magumu, walikata tamaa mapema zaidi, na baadaye wakafanya vibaya kuliko waliosifiwa kwa bidii. Anayesifiwa kwa akili huogopa kujaribu jambo litakaloonyesha kwamba hana. Anayesifiwa kwa bidii ana la kufanya akikwama: huongeza bidii au hubadilisha njia.

Kwa hiyo mzazi akifika siku ya tano, asiseme tu "Wewe ni fundi". Wala asiulize "Hii nayo ni nini?" kwa sauti ya mshangao. Aseme alichokiona kwa macho yake: "Naona barabara yako imekutana sawasawa na ya jirani. Mlifanyaje?" Kisha asikilize hadi mwisho. Mtoto ambaye hasemi darasani anaweza kuzungumza dakika 10 kuhusu barabara aliyoihangaikia kwa siku 2, kwa sababu safari hii yeye ndiye anayejua na mzazi ndiye anayejifunza.

Maswali ambayo wazazi huuliza

La kwanza: si afadhali mtoto aende masomo ya ziada? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, kifungu cha 37, inakataza kuwafanyisha wanafunzi masomo ya ziada wakati wa likizo. Likizo ni ya mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, unasema katika ibara ya 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika utamaduni na sanaa.

La pili: sanaa itamsaidia nini shuleni? Mtaala wa umilisi umetaja umilisi wa kimsingi 7, na kati yao mna mawasiliano na ushirikiano, ubunifu, utatuzi wa matatizo na imani ya mtoto katika uwezo wake. Haya hayasomwi kwa kukariri. Tena katika shule ya upili ya juu, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo 3 ambayo mwanafunzi anaweza kuchagua.

La tatu: mtoto wangu hajui kuchora, ataaibika. Kambi hii imepangwa kwa ajili yake. Kipande chenye barabara iliyopinda bado ni barabara, na picha nzima haiwezi kukamilika bila hicho.

La nne ni la haki zaidi: mtoto anahitajika nyumbani, kuna mbuzi, kuna maji, kuna mdogo wa kubebwa. Kambi ikiwa ya asubuhi peke yake, mtoto hurudi nyumbani kabla jua halijawa kali, na kazi za jioni hazikosi mtu. Familia zinazopakana zinaweza pia kupokezana kuchunga na kulea kwa siku hizo 5. Wasichana ndio hukosa nafasi kama hizi kwa sababu ya kazi za nyumbani, na wao ndio wengi wanaofundishwa kunyamaza.

La tano: kwa nini jambo hili liihusu kaunti? Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea, maktaba, makavazi, na shughuli na vifaa vya michezo na utamaduni. Ukumbi wa kijamii unaofungwa kwa kufuli mwezi mzima wa Agosti huku watoto wakizurura barabarani ni mali ya umma isiyofanya kazi yake.

Mfano wa Mukuru

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi na atazame Mukuru, Nairobi. Mwaka wa 2004 vijana wa mtaa wa Lunga Lunga walianzisha kikundi walichokiita Wajukuu Art Project. Hawakuwa na jumba la sanaa wala mfadhili mkubwa. Walikuwa na mabati, mbao na mtaa uliojaa watoto. Pamoja na kuchora na kuchonga kazi zao wenyewe, waliwafungulia watoto wa mtaa nafasi ya kujifunza sanaa.

Mwaka wa 2022 kikundi hicho kilialikwa kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika Kassel, Ujerumani, kila baada ya miaka 5. Mlangoni mwa ukumbi mmoja walijenga njia ya kuingilia kwa mabati, iliyokumbusha nyumba za Mukuru na pia nyumba za Wamaasai. Wageni waliotoka kila upande wa dunia iliwabidi wapite katika mabati yale ndipo waingie. Mwaka huohuo kikundi kilitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode, iliyopewa jina la mtu aliyeanzisha maonyesho hayo.

Tuzo si lengo la kambi ya wadi. Funzo la Mukuru liko kwingine: kazi iliyowafikisha mbali ilibeba jina la kikundi kizima, na ilijengwa kwa vitu ambavyo mtaa ulikuwa navyo tayari.

Baada ya siku ya tano

Ni vyema kusema ukweli. Siku 5 hazimgeuzi mtoto. Yule msichana wa Gredi ya 4 hatarudi shuleni akiwa mzungumzaji. Huenda akainua mkono mara moja kwa wiki. Na kama nyumbani atapokewa kwa "nyamaza, watu wazima wanazungumza", mkono huo utashuka tena.

Kwa hiyo kazi inaendelea nyumbani, nayo haihitaji rangi wala kitambaa. Mtoto apewe jambo moja ambalo nyumba inalitegemea kweli, linalolingana na umri wake: kuhesabu mayai na kuweka daftari lake, kupanga chakula cha Jumamosi kwa bei za soko, kumfundisha nyanya kutumia simu. Likiharibika, asinyang'anywe. Aulizwe, "Sasa tufanyeje?" Likifaulu, litajwe mbele ya wengine jinsi lilivyofanyika. Na siku atakaposema kwamba mtu mzima amekosea, kama yule jirani aliyechora barabara juu zaidi, mtu mzima apime kwanza kabla ya kukasirika. Huenda mtoto anasema kweli.

Vijana watakaoongoza wabaki baada ya kikao hiki wapangwe. Wazazi wanaotaka kuandikisha watoto wafike katika ofisi ya wadi au maktaba iliyo karibu nao, pamoja na mtoto mwenyewe, na wamwache ataje jina lake mwenyewe. Akilitaja kwa sauti ndogo, si neno. Karani na ainame kidogo, asikie.